Kinya na Kikapu Changu

Kwetu Kianjokoma binti wa kwanza hatafutiwi jina, linamngoja. Mimi nilipewa la mama yake baba, na pamoja na jina nikapewa mdomo wake mkali na sifa zake zote. Baba huniita mama. Akitaka chumvi husema, "Mama, hebu kimbia dukani," nami namjibu, "Sawa, mwanangu," na tunacheka. Hilo sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu ni kwamba nyanya Ruguru hakuwa mtu wa kulia. Sikumkuta hai, lakini ukoo mzima unasimulia jinsi alivyomzika mumewe bila chozi na kesho yake akaamkia shambani kuchuma chai. Kwa hivyo nilipoanguka kutoka kwenye mparachichi nikiwa na miaka sita, shangazi Nelius alipiga makofi akasema, "Ona! Ruguru halii!" Watu wakafurahi. Nikakimeza kile kilio, na nikazoea kumeza. Sasa nina miaka kumi na sita, na kila mtu ananisifu kwa kitu ambacho kinaniumiza koo.

Aliyenigundua ni Kinya, msichana mwenzangu.

Alikuja miaka miwili iliyopita kutoka upande wa Meru, mama yake, Mwalimu Kagwiria, alipohamishiwa shule ya msingi hapa. Walipanga vyumba viwili hatua chache kutoka kwetu. Kimeru chake na Kiembu changu ni kama mabinamu wasioaminiana, kwa hivyo sisi huongea Kiswahili, na kusema kweli, yeye ndiye huongea. Kinya huongea kutoka lango la shule hadi lango la nyumbani bila kuvuta pumzi. Jumamosi alikuwa akija kutusaidia kuchuma chai, na huko ndiko alikoniweza.

Chai ina masharti yake: majani mawili na chipukizi, basi. Ukichuma jani la tatu au la nne, lile gumu, karani anayepima chai kituoni atalitupa. Mimi nikiwa sawa, mkono wangu ni mwepesi. Nikiwa na jambo moyoni nang'oa ovyo, hata vijiti. Siku moja Kinya alichungulia kikapu changu, akachomoa jani moja pana na kulipunga mbele ya pua yangu.

"Nani amekukasirisha?"

"Hakuna."

"Ruguru, hapa kuna nusu kikapu ya hakuna."

Nikamwambia. Ilikuwa habari ya mwalimu wa hesabu na maneno aliyonirushia mbele ya darasa. Kinya alisikiliza huku akinichambulia majani, akitupa yale magumu chini ya mchai mmoja mmoja, na nilipomaliza kusimulia kikapu kilikuwa safi. Tangu siku hiyo sikuwa na haja ya kumweleza chochote. Alikuwa anachungulia tu, na mimi nikajiona nimebarikiwa. Ni nani hapa duniani anayeeleweka bila kufungua mdomo?

Halafu Alhamisi iliyopita tukitoka shule akasema habari ya mama yake, "Mathe amepata transfer. Tunarudi kwetu Maua Jumapili." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Hata sijui huko nitakaa na nani."

Nilihisi kama nimekanyaga mahali pasipo na ngazi. Na mdomo wa nyanya, nao, haukunisubiri.

"Afadhali," nikasema. "Angalau masikio yangu yatapumzika."

Nilingoja acheke. Siku zote hucheka. Alirekebisha mkoba begani na kutembea mbele yangu mpaka kwao, kimya. Ijumaa hakuniongelesha, nami sikumwongelesha. Nilijiambia kwamba kama ananijua, basi anajua sikumaanisha.

Jumamosi nilichuma peke yangu. Baba alikuwa mstari wa juu, akinitazama mara kwa mara kwa wasiwasi, kwa sababu nilikuwa nachuma kwa kasi ya ajabu. Saa saba tukateremka kwenye kituo cha majani. Ilipofika zamu yetu nikamwaga kikapu juu ya meza. Karani Njue aliyatazama yale majani, akanitazama mimi, akamtazama baba.

"Sasa hii ni chai ama ni chakula ya ng'ombe?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Hata kabla sijapata jibu kali la kumpa, mkono mwingine uliingia kwenye majani. Kinya alikuwa amefika. Alianza kuchambua kama kawaida, magumu upande huu, mazuri upande ule. Lile rundo la magumu likawa kubwa mpaka likaanza kumwagika kutoka mezani.

"Haya yote ni mimi?" akauliza polepole.

Niliinua mabega. "Yamekomaa tu."

Mikono yake ikasimama. "Ruguru, nimekusoma miaka miwili. Nimechoka kusoma. Leo sema na mdomo." Halafu akasema, "Na mimi je, nani ananisoma?"

Kwanza nilikasirika, sitadanganya. Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi, lenye makali pande zote. Lakini nilimwangalia ili nijue pa kumchoma, na ndipo nilipomwona. Alikuwa ameshika jani moja na kulikunja, na kulikunja tena, mpaka vidole vikawa vya kijani. Kinya wangu muongeaji, siku mbili hajaongea, na mimi nilikuwa nimehesabu kimya chake kama adhabu yangu. Nikamkumbuka wiki yake ya kwanza hapa, alivyokuwa akila githeri peke yake nyuma ya tangi la maji la shule, akijifanya anasoma kitabu. Mimi ndiye niliyemvuta mkono kutoka pale. Alhamisi alikuwa ameniambia waziwazi, nami nikamfanyia mzaha.

"Unaogopa," nikasema. "Unaogopa kula peke yako tena."

Uso wake ukavunjika. Akatingisha kichwa kukubali, mara nyingi.

"Na mimi naogopa," nikasema, na kile kilio cha mparachichi, na vyote vilivyokifuata, vikapanda kwa pamoja. Nililia mbele ya karani, mbele ya foleni, mbele ya shangazi Nelius aliyekuwa na kikapu chake mgongoni. Nililia kwa sauti, na kamasi, bila heshima yoyote.

"Ruguru!" shangazi akaanza.

"Mwache," baba akasema. Alikuwa amevua kofia. "Lia, mama. Wewe lia." Akasogea mezani, yeye mwenyewe akaanza kuchambua majani yangu, taratibu, ameinamisha kichwa nisiyaone macho yake. Karani Njue alijifanya anarekebisha mizani.

Kinya alijipangusa kwa mkono wa sweta. Ilikuwa sweta yangu, ile niliyomdai tangu Juni.

"Sasa sema," akaniambia.

"Usiende."

"Nitaenda, Ruguru."

"Najua," nikasema. "Lakini usiende."