Manivela ya Léoncie

Mashine ya kushonea ngozi ilipofika kwa Munyaneza, pale Keshero, mjini Goma, ilikuja ndani ya sanduku la mbao, juu ya kamio, lori lililojaa magunia ya mahindi. Hakuna aliyekuja nayo kuonyesha namna ya kuifunga. Mfanyabiashara aliyeiuza alisema tu, "Ni chuma. Tia mafuta, zungusha," kisha akageukia wateja wengine.

Mpaka siku hiyo Munyaneza alikuwa akishona viatu na mikanda kwa kutoboa ngozi na kupitisha uzi kwa mkono. Vidole vyake vilikuwa vimejaa makovu. Yeye na mke wake Léoncie wakalitoa lile dude sandukuni. Lilikuwa jeusi, zito kama gunia la viazi, na mkono mwembamba wa chuma uliochomoza mbele ili kiatu kiweze kuvalishwa juu yake. Ubavuni palikuwa na gurudumu, na kwenye gurudumu ulifungwa mpini wa kuzungushia, ule ambao watu wa makamio na wa mashine wote huuita manivela.

Sakafu ya nyumba ilikuwa ya changarawe ya volkano, kama ya jirani yeyote. Miguu ya mashine haikutulia. Kila gurudumu lilipozunguka, mashine nzima ilitembea kuelekea mlangoni.

"Papa Perpétue," Léoncie akasema, akimwita kwa jina la binti yao, "mashine yako inataka kurudi kwao."

Wakachimbua mawe, wakalaza ubao mnene, wakaikaza mashine juu ya ubao kwa bulonzi, zile bolti nene. Kwa kuwa chumba kilikuwa chembamba, upande wa gurudumu ukaangukia ukutani, penye nafasi ya kigoda kimoja tu. Léoncie akakaa hapo na kushika manivela. Munyaneza akakaa mbele, akashika ngozi kwa mikono yote miwili. Hawakupanga iwe hivyo. Ni chumba kilichopanga.

Mwanzoni uzi ulikatika kila mshono, na Munyaneza akamtukana mfanyabiashara, chuma, na waliokichimba. Léoncie akachomoa sindano, akaipitisha kwenye ukucha wake, akasikia kuwa upande mmoja ulikuwa na mfereji mrefu.

"Uzi unalala humu," akasema. "Umeiweka kinyume."

Wakaigeuza. Wakapaka uzi nta, wakalegeza kidogo skrubu inayoubana, na mashine ikashona. Kuanzia hapo viatu vya nusu ya mji vilipita mikononi mwao.

Sasa tufike mwaka wa hamsini na sita, maana hapo ndipo maneno yalipoharibika.

Mwalimu Honoré wa shule ya parokia alikuwa ameagiza mikoba ya ngozi ya wanafunzi. Alikuja kutazama wa kwanza, akaugeuzageuza, akavuta kamba zake kwa nguvu. Mlangoni walisimama watu kadhaa, mmoja wao Kamate, jirani yao, Mnande aliyeuza samaki wa chumvi kutoka Vitshumbi na ambaye hakuwahi kukosa mahali penye mazungumzo.

"Munyaneza, mishono hii ni ya kiwandani!" mwalimu akasema. "Na mama anakusaidia?"

Sifa zilikuwa zimeshampanda Munyaneza kichwani. Akacheka.

"Huyu? Huyu anazungusha tu, mwalimu. Kuzungusha, hata mbuzi ukimufunga kamba atazungusha."

Wote wakacheka. Kamate alicheka mpaka akashika fremu ya mlango.

Léoncie hakuacha kazi. Alizungusha mpaka mshono ukafika mwisho, akakata uzi, akafungua manivela kwenye gurudumu, akaifuta kwa kitambaa na kuiweka juu ya mapaja ya mume wake.

"Manivela ni hii," akasema. "Kamba iko nyuma ya mulango. Mbuzi utajitafutia."

Akafunga nguo zake katika kitenge, akamshika Perpétue mkono, akapanda kamio ya barabara ya Rutshuru. Alikwenda kwao, Kibumba.

Munyaneza aliwaambia watu kwamba atarudi tu, hasira za wanawake hupita. Kisha akamwita Kamate, kwa sababu Kamate alikuwa na mikono minene.

"Zungusha polepole," akamwambia.

"Nimeshazungusha manivela ya kamio kwenye baridi ya Lubero," Kamate akajibu. "Hiki kidude kitanishinda?"

Akakizungusha kama kamio. Sindano ikapiga chuma, ikavunjika, na kipande kikaruka karibu na jicho la Munyaneza.

"Nimesema polepole!"

"Hiyo ilikuwa polepole!"

Wakatia nyingine. Ilivunjika pembeni mwa mkoba, pale kamba inapokutana na kifuniko na ngozi inapokuwa tabaka tatu. Iliyofuata nayo ikaisha mahali palepale.

"Sindano zako ni mbovu, papa," Kamate akasema, akapangusa mikono na kurudi kwenye samaki wake.

Munyaneza akafungua bulonzi, akaigeuza mashine ili gurudumu limjie mkono wa kulia, akajaribu peke yake. Mshono ulionyooka ulikwenda, si vibaya sana. Lakini kona ilitaka mikono miwili kwenye ngozi, na mkono wa tatu hakuwa nao. Akiachia manivela, sindano inabaki juu, ngozi inateleza, na mshono unaondoka njiani kama ng'ombe aliyeona majani. Akiachia ngozi, ni yaleyale.

Akakaa akitazama. Miaka yote hiyo, kila walipofika kwenye kona, sindano ilisimama yenyewe ndani ya ngozi, imeanza kupanda kidogo tu, na yeye akainua kile kidude kinachobana ngozi, akaigeuza ngozi, wakaendelea. Kila walipofika penye tabaka tatu, mashine ilipunguza mwendo yenyewe. Hakuwahi kusema "simama". Hakuwahi kusema "polepole". Alidhani mashine ndivyo ilivyo.

Mwalimu Honoré akarudi. Shule ilikuwa inakaribia kufunguliwa.

"Mikoba iko wapi?"

"Bado, mwalimu."

"Mama yuko wapi?"

"Amekwenda kwao."

Mwalimu akatazama kigoda kitupu, kisha mifupa ya mikoba sakafuni.

"Na mbuzi?" akauliza.

Munyaneza akaokota kipande cha sindano sakafuni. Kesho yake alinunua kasiksi, ile pombe ya ndizi, chupa kubwa iliyofungwa kwa majani ya mgomba, akapanda kamio.

Mtu anayekwenda kumrudisha mke haingii hivi hivi nyumbani kwa wakwe. Anasubiri uani mpaka aitwe, anaweka pombe chini, na anasema kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe, wote wakisikia. Akificha nusu, anarudi peke yake na chupa yake. Munyaneza aliyajua hayo. Alikuwa ameshawacheka wengine waliopitia hapo.

Kibumba kulikuwa na ukungu na baridi. Hategekimana, baba yake Léoncie, alimpa kigoda na hakumpa neno. Aliyezungumza ni Nyirakamana, shangazi wa Léoncie, mama mfupi mwenye sauti kubwa.

"Mukwe wetu, umekuja kununua viazi?"

"Nimekuja kumuchukua muke wangu, shangazi."

"Alikukosea nini?"

"Hakunikosea."

"Basi ni wewe. Sema."

"Nilisema neno baya mbele ya watu."

"Neno gani? Maneno mabaya ni mengi. Hata mimi ninayo mengi, nayaweka tu."

Munyaneza akatazama chupa. Nyuma ya ukuta wa nyumba alisikia watoto wakinyamazishana.

"Nilisema kazi yake hata mbuzi anaiweza."

Hategekimana akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Mbuzi ninao," akasema. "Chagua mumoja, umupeleke Goma. Akikushonea mikoba, muke abaki hapa."

Nyuma ya nyumba kicheko kikalipuka. Masikio ya Munyaneza yakawaka moto, lakini hakuinuka. Angeinuka, mambo yangekuwa yameishia hapo, na hilo alilijua.

"Muzee," akasema, "nimejaribu watu, nimejaribu mwenyewe. Hakuna mukoba hata mumoja uliosimama. Kumbe nilikuwa sijui anafanya nini pale kwenye kigoda. Hilo ndilo kosa langu. Mbuzi lilikuwa neno tu."

Nyirakamana akageukia nyumba. "Mama Perpétue! Umesikia, ama arudilie?"

Léoncie akatoka, mikono yake imejaa udongo wa viazi.

"Sindano zimebaki?"

"Chache."

"Nani amezivunja?"

"Kamate."

"Ulimupa Kamate manivela yangu?" Sasa ndipo alipokasirika kweli. "Ule anayevunja hata milango yake mwenyewe?"

"Nilimupa."

Akapangusa mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kwa kidole.

"Nitarudi. Lakini utazungusha wewe. Mimi nitashika ngozi, mpaka mikoba ya mwalimu iishe."

"Lakini hujawahi kushika ngozi!"

"Na wewe hujawahi kuzungusha. Tutafanana."

Hategekimana akavuta chupa na kuondoa majani mdomoni mwake. Kwa jinsi hiyo wakajua kuwa shauri limekwisha.

Keshero, jambo la kwanza Léoncie alilofanya ni kurudisha mashine ilivyokuwa, gurudumu ukutani. Munyaneza akajibana kwenye kigoda, magoti yakigusa mawe ya ukuta, akashika manivela.

"Simama," Léoncie akasema kwenye kona ya kwanza. Alisimama akiwa amechelewa. Léoncie akachukua wembe, akafumua mishono, wakaanza tena.

"Simama." Amechelewa tena.

"Unatazama sindano," Léoncie akasema. "Usiitazame. Huioni kutoka hapo. Sikia mukono."

Munyaneza akageuza uso ukutani. Alizungusha na kusikiliza kiganja chake. Mwanzo hapakuwa na kitu, chuma tu na mafuta. Baadaye akaanza kuona kuwa manivela inakuwa nzito, nzito zaidi, kisha nyepesi ghafla, kama mguu unaozama kwenye matope na kuchomoka. Uzito ule ulikuwa sindano ikiingia. Wepesi ulikuwa ikipanda. Wakaenda hivyo urefu wa mshono mzima, na mara manivela ikamkatalia kidogo.

"Hapa pamekuwa tabaka tatu," akasema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unasikia hivi kila mara?"

"Ulifikiri nilikuwa nasinzia?"

Naye Léoncie hakupata mteremko. Ngozi ilimkimbia, na juu ya kifuniko kimoja mshono ukaenda kombo kabla hajaukamata. "Kumbe na hii inakimbia," akanung'unika, na Munyaneza, kwa akili aliyorudi nayo kutoka Kibumba, akanyamaza.

Mwalimu Honoré alipokuja, mikoba ilikuwa imepangwa ukutani. Mlangoni walikuwapo walewale, Kamate mbele yao, mikono nyuma. Mwalimu aliichukua mmoja mmoja, akavuta kamba, akaridhika. Kisha akafika kwenye ule uliokwenda kombo.

"Huu umepinda," akasema. "Nani ameshona hapa?"

Léoncie alikuwa akikata nyuzi zilizobaki. Mkasi ukasimama.

Munyaneza aliona vizuri kwamba neno lilikuwa tayari mdomoni mwake, na lilikuwa la kweli, na rahisi. Aliona pia kitenge kikifungwa tena.

"Tumeshona wawili," akasema. "Yeye ameshika ngozi, mimi nimezungusha. Hapo tumepindisha wote. Na zile kona zote zilizokaa vizuri, mwalimu, hizo za siku zote, ni mukono wake. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui."

Kamate hakuweza kuvumilia.

"Eh!" akasema. "Kumbe mbuzi amepatikana!"

Kicheko kilichofuata kilifika barabarani. Mwalimu alicheka, Munyaneza akacheka akiwa amebanwa ukutani na manivela mkononi, na Léoncie akainamia mashine, mabega yakimtetemeka, mpaka akalazimika kuweka mkasi chini.

Mwalimu alichukua mikoba yote, na ule uliopinda akasema atautumia yeye kubebea chaki.

Watu walipoondoka, Léoncie akazunguka mashine na kusimama mbele ya mume wake.

"Toka kwenye kigoda changu, Papa Perpétue. Unachosha sindano."

Munyaneza akatoka haraka. Mkono ulikuwa ukimuuma tangu juzi.