Siagi Yenye Harufu ya Waridi

Msusi alikuwa na pua isiyodanganyika. Siku hiyo alimvua mtoto wake nguo akakuta viwiko na magoti yamewiva, mekundu. Akalinusa kopo la mafuta ya ngozi aliloletewa na wifi yake, na machale yakamcheza. Siagi ya shea inanukaje waridi?

Kopo la kwanza halikuwa hivyo. Siagi ya lile ukiiweka kiganjani inayeyuka yenyewe, na kwa wiki tatu ukurutu wa mtoto ulitulia, ngozi ikalainika, nyumba nzima ikapata usingizi. La pili hili, mtoto anajikuna mpaka damu. Na aliyelileta ni nani? Dada wa mume, yule yule aliyenuna kwenye picha zote za harusi. Wema wote huu wa ghafla ulitoka wapi?

Akafunga saluni, akambeba mtoto, akaenda kwa wifi bila kumpigia simu.

Wifi alikuwa jikoni anayeyusha siagi, sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji ya moto. Alipomwona mgeni, mkono ukasukuma kichupa nyuma ya kopo la sukari. Msusi hakupitwa na kitu.

“Umeficha nini hapo, wifi?”

“Mbona sijaficha kitu.”

“Kitoe basi.”

Kikatoka. Manukato ya waridi, yale ya kupulizia nguo.

“Unanitilia pafyumu kwenye mafuta ya mtoto?”

“Ungetaka nifanyeje?” Wifi alikiweka kichupa mezani. “Uliwachekesha wateja wako, eti siagi yangu inanuka jiko la kuni. Nilikuwa mlangoni pa saluni na kopo mkononi. Nikarudi nalo nikalitia harufu, usije ukaona aibu kulitumia.”

Msusi alikumbuka kicheko kile, maana alikifurahia sana. Moshi ule ni harufu ya siagi halisi, na yeye alijua hivyo kuliko wateja wake wote. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

Wifi alimchukua mtoto, akamtazama viwiko, machozi yakamlengalenga. “Ni mimi nimemfanya hivi?” Akamwosha kwa maji ya uvuguvugu, akachota siagi isiyotiwa kitu, akaanza kumpaka polepole. Mtoto akatulia.

“Wifi,” msusi alisema, “kaka yako yuko njiani. Nimeshamwambia unamwekea mtoto sumu.”

Wifi hakuinua macho. Alimaliza kiwiko kimoja, akahamia cha pili.