Njia ya Kusini

Nilimtandika shemeji ngumi ya mdomo, akaanguka na kiti chake. Setilaiti ilikuwa imenasa ishara za mwisho za ndege iliyopotea, aliyoirusha mke wangu, na shemeji, mtaalamu wa kuzisoma, akachora njia ya kusini, kwenye bahari tupu. Tena bila mkono kutetemeka, mshenzi yule!

"Chora kaskazini!" nilifoka, nikimkaba koo. "Huko kuna nchi kavu!"

Nilipomwachia alitema jino, akajikokota hadi kwenye kompyuta, akaifuta damu iliyorukia skrini. Alifungua ramani nyingine. Kaskazini yote ilijaa njia alizojaribu, na kila moja ilikuwa imekatwa kwa rangi nyekundu.

"Ni dada yangu, shemeji," alisema. "Unadhani sikumtafutia pa kutua?"