Mgeni wa Shufaa

Mke wangu Shufaa alipofariki, dada yake Waride alikuja kwa boti kutoka Mbwera, akakaa nasi mpaka arobaini. Siku hiyo, baada ya dua, alitaka tugawe vitu vya marehemu sadaka kama tunavyofanya sote. Nguo nilitoa. Kitanda cha mninga, chandarua, meza ya kioo na seti ya vikombe nilikataa. Nilikuwa namalizia fleti yangu hapa Kibiti, karibu na barabara kuu, ya kupangisha wageni wa siku mbili tatu, na samani za Shufaa zilikuwa nzuri kuliko za dukani.

"Shemeji, utawalaza watu kwenye kitanda cha marehemu?"

"Hakufia kitandani. Alifia hospitali."

"Una maneno wewe! Haya, yakikushinda usiniite."

Mgeni wa kwanza alikuwa Haruni, fundi wa minara ya simu. Alipokuja kunirudishia funguo alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Mzee, nimelala hoteli nyingi, lakini huyu mama wako wa usafi hana mfano. Kila asubuhi nakuta chai ya tangawizi mezani, ya moto. Mpe shukrani zangu."

Sikuwa na mtu wa usafi. Nilikuwa nafagia mwenyewe.

"Mama gani?"

"Yule mnene, anayeziba mdomo kwa kanga akicheka."

Nilimwambia nitamfikishia. Alipoondoka nikakaa kwenye ngazi. Shufaa ndiye aliyekuwa akicheka hivyo.

Wageni waliofuata walisema yaleyale. Mmoja alichomekewa chandarua. Mwingine, aliyeshikwa na homa, aliwekewa kitambaa cha maji usoni. Fleti ikawa haikai wazi. Mimi sikufurahi. Nilichotaka ni kumwona mke wangu, mara moja tu, naye alikuwa akiwatokea watu baki. Nilikwenda kushinda mle, nikajilaza kitandani kwake mchana kutwa, nikamwita kwa jina. Nilisikia malori ya barabarani tu.

Nikampigia Waride. Alinicheka kwanza, halafu akalia.

"We Mahamudu, lini ulipiga hodi kwa mkeo? Ulikuwa unaingia tu na kuuliza chakula kiko wapi. Mle anapokea wageni. Nenda kama mgeni."

Nilioga, nikavaa kanzu, nikabeba begi. Asubuhi nikasimama nje ya mlango wangu mwenyewe kama mjinga, jirani ananitazama. Nikapiga hodi.

"Karibu," ikasema sauti ndani. Ilikuwa yake.

Niliingia na machozi. Sebuleni hakuna mtu. Jikoni hakuna mtu, ila sakafu ilikuwa mbichi, imetoka kupigwa deki. Mezani kikombe kimoja kilikuwa kinatoa mvuke. Nikaketi, nikanywa.

Chai ilikuwa imejaa sukari. Mimi nina kisukari. Shufaa ndiye aliyekuwa akinisimamia dawa, na tangu daktari aseme, hakunitilia hata chembe. Akinikuta na soda, anaimwaga. Mikono iliyopika chai hii haikujua inampikia nani.

Nilimaliza kikombe chote. Chumbani ufagio ulikuwa unapita, taratibu, kama wa mtu aliyechoka. Sikwenda kuchungulia.

Nikampigia tena Waride.

"Umemwona?"

"Bado anafanya kazi," nikasema. "Njoo na watu. Chukueni kila kitu, mkakitoe sadaka."