Kadi Niliyoizima Mwenyewe

Nitaanza na kosa. Nikianza na sababu nitajisafisha, na kwa kujisafisha mimi ni hodari. Mtanihurumia kabla hamjajua nilichofanya.

Kosa nililifanya katika kijiji cha Matondoni, siku ya vunja jungu, kuamkia Ramadhani. Kamati ya madrasa ilinitaka nifunge mtandao katika kompyuta ya chumba cha kusomea, ili watoto wasishinde kwenye video mwezi mtukufu. Kuchomoa waya hakungetosha, maana mtoto wa siku hizi anajua kuuchomeka. Basi niliingia katika mipangilio ya bodi, ile inayofunguka kabla mfumo haujawaka, nikaizima kadi ya mtandao humo humo, kisha nikaweka neno la siri mtu asije akaiwasha. Kazi ya dakika tano. Siku ile ile nilikuwa nimeshazifanyia vivyo hivyo madrasa mbili za huku kwetu Amu, mji wa Lamu, na nyumbani pilau lilikuwa linapakuliwa, na ndugu zangu si watu wa kumngoja mtu. Sikuandika nilichofanya wala sikumweleza yeyote. Nilimwambia tu Bwana Badawi, mwenyekiti wa kamati, kwamba nimeshafunga, naye akadhani nimechomoa waya.

Mfunguo mosi ulipoingia, Ramadhani imekwisha, zile madrasa za mjini ziliniita nikazifungulia. Matondoni hawakuniita. Wao walikuwa na Mwalimu Ndirangu.

Huyu Ndirangu ni mtu wa Nyeri, Mkristo, anafundisha shule ya msingi pale mwaka wa tatu sasa. Jioni aliwafundisha kompyuta wasichana kumi na wawili katika chumba hicho cha madrasa, bila malipo, na kamati ilimwamini hata ikampa ufunguo. Nitasema kweli: ufunguo ule uliniuma. Mimi Harith, fundi wa mtaa wa Langoni, mjukuu wa watu wa mji huu, sikuwahi kupewa ufunguo wa chumba chochote cha madrasa.

Baada ya Idi mwalimu aliuondoa mfumo wa zamani, uliokuwa umeliwa na virusi, akaweka mwingine uitwao Linux. Alipochomeka waya, mtandao haukuja. Hapo ndipo Bwana Badawi aliponipigia simu, nami nikapanda bodaboda nikaenda, na moyoni nina furaha ambayo sasa naionea haya.

Nilibadilisha waya. Taa ya kijani kwenye tundu haikuwaka. Niliandika amri ya kuorodhesha miunganisho, na uliotokea ni mmoja tu, ule ambao kwao kompyuta inajisemesha yenyewe. Nikaandika amri ya kuorodhesha kila kifaa kilichomo ndani. Sauti ilikuwapo, picha ilikuwapo, kadi ya mtandao haikutajwa kabisa, kana kwamba haijapata kuzaliwa. Fundi mwenye akili timamu hapo anauliza ni nani aliyeigusa bodi. Mimi nilikuwa nimeshapata jibu langu tangu njiani.

Wasichana walikuwa wamesimama mlangoni na madaftari yao. Bwana Badawi alikuwa kando yangu. Mwalimu aliinama akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwomba mwenzake msaada:

"Bwana Harith, nikitaka kuingia kwenye mipangilio ya bodi naulizwa neno la siri. Mimi sikuliweka. Wewe unalijua?"

Wallahi sikukumbuka. Lakini pia sikujaribu kukumbuka. Nilimjibu kwa sauti ya kusikika hadi uani: "Mwalimu, usitafute pa kuegemea. Umeleta mfumo usioujua, umeiua kadi. Kompyuta si ubao wa chaki."

Msichana mmoja alicheka, kisha akajiziba mdomo kwa daftari. Bwana Badawi, ambaye hapendi kumwaibisha mtu, alimwambia taratibu kwamba pengine apumzike kidogo mpaka mambo yatengenezwe. Mwalimu akauvua ufunguo kwenye mkufu wake wa funguo, na ulikuwa mgumu kutoka, akahangaika nao kwa kucha huku sote tunamtazama. Masomo ya jioni yakasimama siku hiyo.

Siku mbili baadaye nilirudi na kadi ndogo ya kuchomeka nje, ili niwape mtandao. Bwana Badawi alinifungulia akaenda zake kuswali. Nilipoiwasha kompyuta, kidole changu kilibonyeza kitufe cha mipangilio kwa mazoea tu. Ikaniuliza neno la siri. Vidole vikaliandika kabla mimi sijawaza, na ukurasa ukafunguka. Mbele ya jina la kadi ya mtandao palikuwa pameandikwa kwamba imezimwa.

Nilikaa kwenye kiti cha watoto. Niliikumbuka siku ile yote, hadi harufu ya pilau. Nyani haoni kundule, wasemavyo watu, na mimi langu nililiona kwenye skrini, limeandikwa kwa herufi kubwa.

Niliiwasha kadi, nikaliondoa neno la siri, na taa ya kijani ikaanza kupepesa. Bwana Badawi aliporudi kutoka msikitini alikuta mtandao unakwenda. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema mashaallah, mkono wangu una baraka, nimefufua kilichokuwa kimekufa. Pale pale palikuwa mahali pa kusema. Nilisema lilikuwa jambo dogo. Akalichukulia hilo kuwa ni unyenyekevu, na jioni akaniletea nyumbani sahani ya halua. Nilikula. Sina la kuongeza hapo.

Nilijiambia nitasema Ijumaa. Ijumaa ikapita. Nilisikia kwamba wasichana walikwenda kumwombea mwalimu wao kwa kamati, wakaambiwa chombo cha watu wengi hakichezewi. Nikasikia pia kwamba shuleni wanafunzi wanamwita Mwalimu Muua Kadi. Nilianza kufunga duka mapema ili nisikutane na mtu wa Matondoni.

Siku ya nane tangu niiwashe kadi, Mwalimu Ndirangu alikuja mwenyewe dukani. Alisimama mpaka nilipomkaribisha kiti, akakaa ukingoni. Alisema rafiki zake walimu huko Kililana wamemtaka awawekee mfumo ule ule, na anaogopa. Alikuwa amekuja na daftari.

"Nifundishe nilikosea wapi," alisema, "nisije nikaharibu ya wengine."

Alikuwa ameshaandika tarehe juu ya ukurasa. Nilimwambia asiandike, kisha nikamweleza yote, kuanzia vunja jungu hadi halua, nikiutazama mkasi wa kukatia waya uliokuwa mezani. Nilipomaliza, aliweka kalamu chini.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Mbele ya watoto."

Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alifunga daftari akaniambia niende kwa Bwana Badawi mwenyewe, maana yeye akisema, litakuwa neno la mgeni juu ya mwenyeji, na neno hilo halina pa kusimama. Nilitaka kumbishia. Sikuweza, kwa sababu neno langu juu yake lilikuwa limesimama bila ushahidi wowote.

Kesho yake baada ya swala ya alasiri nilikwenda Matondoni. Bwana Badawi alikuwa barazani na wazee wawili wa kamati. Nilisimama nikasema: mimi ndiye niliyeizima ile kadi kabla ya Ramadhani, nikasahau, nikamsingizia mwalimu.

Wazee walitazamana, na Bwana Badawi akatabasamu. Akanivuta mkono nikae.

"Una adabu, fundi," alisema. "Wamsitiri mwalimu. Mngu atakulipa. Hiyo ndiyo ndia ya watu wema."

Nilikuwa sijawahi kuona jambo kama hilo. Uongo wangu waliuamini papo hapo, na kweli yangu waliigeuza kuwa hisani. Mzee mmoja aliongeza kwamba sitara ya namna hiyo siku za yeo haionekani, vijana wajifunze. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa nukta moja niliona mlango wa kutokea, tena mlango wenye sifa. Ningekaa kimya tu, ningeondoka pale nikiwa walii.

Niliwaomba wanyanyuke. Niliwaingiza chumbani, nikaiwasha kompyuta, nikaingia kwenye mipangilio mbele ya macho yao. Nikaizima kadi, nikaiacha kompyuta iwake, nikawaonyesha: taa hakuna, mtandao hakuna, na Linux haiioni kadi, kama siku ile. Nikarudi nikaiwasha, na taa ikapepesa. Nikawaambia kwamba neno la siri lililomzuia mwalimu lilikuwa jina la marehemu mama yangu, na hakuna mtu Matondoni anayelijua.

Bwana Badawi alilitazama lile tundu la waya muda mrefu. Hakutabasamu tena.

"Basi tumemdhulumu mtu," alisema, "na yeye akatusalimu kila siku."

Alimwita mwalimu, akamwomba radhi kwa niaba ya kamati, akamnyooshea ufunguo. Ndirangu hakuupokea. Alisema kwa heshima kwamba aliutoa mbele ya wanafunzi wake, na angependa kuuchukua mbele yao, Jumatatu, kutoka kwa fundi mwenyewe.

Jumatatu nilisimama mbele ya wasichana kumi na wawili. Niliwaeleza jinsi kadi inavyozimwa kwenye bodi, nikasema niliizima mimi, nikasahau, na mwalimu wao hakuharibu kitu. Nilisema vizuri. Nilikuwa nimejizoeza maneno njia nzima. Nilimpa mwalimu ufunguo, akaupokea, na nikaanza kuhisi kwamba mzigo umetua.

Alawiya, mjukuu wa Bwana Badawi, msichana wa miaka kumi na mitatu hivi, aliinua mkono. Mwalimu akamruhusu.

"Ami Harith, siku ulipoiwasha, ulijua ni wewe uliyeizima?"

Wazee hawakuniuliza hilo, nami sikuwaambia.

"Nilijua," nilisema.

"Na babu alipokushukuru?"

"Nilijua."

"Ukakaa siku ngapi hujasema?"

Nilimtazama Ndirangu. Alikuwa anafuta ubao, hakugeuka.

"Siku tisa," nilisema.

Alawiya alihesabu kidogo kwa vidole chini ya meza. Hakuwa na ukali wowote. Alikuwa anataka kuelewa tu.

"Hizo hukusahau," alisema.

Nikamjibu kwamba hapana, hizo sikusahau.