Daftari la Maneno ya Kugeuka

Mzee aliyekuwa akipanda ngazi za ofisi ya tafsiri asubuhi ile alikuwa mkalimani, mwana wa mkalimani, mjukuu wa mkalimani. Babu yake alisimama mahakamani miaka thelathini, na hakuna mshtakiwa wala hakimu aliyelalamika kwamba neno limepunguzwa au limetiwa chumvi. Baba yake alitafsiri hati za ardhi kwa watu waliouziana bila kuelewana lugha, na alipofariki, wauzaji na wanunuzi walishika jeneza lake pamoja. Muhuri wa ukoo huo, wenye mpini wa mti uliong'aa kwa kushikwa, sasa ulikaa mezani kwa mjukuu wa kike wa Mzee huyo. Mzee alijivunia jambo hilo wala hakulificha.

Alikuja kila Jumanne kwa ajili ya kusoma kwa jozi. Ndiyo iliyokuwa sheria ya ofisi: karatasi haipigwi muhuri kabla watu wawili hawajaisoma, mmoja ameshika Kiingereza, mwingine Kiswahili, kidole cha kila mmoja kikifuata mstari.

Mjukuu akamwamkia. Mzee akaitikia, kisha kwa utani wake wa siku zote wa babu kwa mjukuu akamwita mkewe mdogo, akamuuliza kama ameamka salama. Binti akacheka kidogo tu, akampa karatasi ya Kiingereza kutoka kwenye faili, akaanza kusoma Kiswahili chake. Ilikuwa ripoti ya mkemia kuhusu visima vya mtaa ulio nyuma ya kiwanda cha ngozi. Kiwanda kilikuwa kimeagiza tafsiri hiyo ibandikwe mtaani.

"Maji ya visima yamekuwa yakikua taratibu kuelekea hali mpya," akasoma.

Kidole cha Mzee kikasimama. Chini yake palikuwa na neno 'deteriorate'. Alipokuwa mwanafunzi, baba yake alimwandikisha daftari zima la maneno ya Kiingereza ya kugeuka polepole: neno la kiwavi kuwa kipepeo, la kitambaa kupauka juani, la sauti ya mvulana kuwa nzito. Yanayopanda yalikuwa na kurasa zake, yanayoshuka zake. Hili lilikaa miongoni mwa yanayoshuka, jirani na kutu na nyama inayooza. Mjukuu naye alilinakili daftari hilo akiwa na miaka tisa, mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza aliandika ovyo.

Mzee akamwomba arudie. Binti alipoinua macho akaiona karatasi iliyo mkononi mwa babu yake, na uso ukamshuka.

Karatasi zilikuwa mbili. Ya mkemia ilikuwa na sahihi. Ya pili aliileta meneja wa kiwanda: neno lile limeng'olewa, na mahali pake limekaa 'evolve', neno la vitu vinavyokua na kupevuka. Meneja alitaka hiyo itafsiriwe, kisha muhuri uthibitishe kwamba imetoka kwa mkemia. Binti alikubali. Alikusudia kumpa babu yake hiyo ya pili, lakini mkono uliozoezwa tangu utotoni kutoa karatasi ya asili ulitoa ya asili.

Alijitetea kwa sauti ya chini. Kiwanda ndicho mteja wao mkubwa. Maji yamebadilika kweli, kwa hiyo uongo uko wapi? Yeye ni mfasiri, si daktari wa visima.

Mzee alimsikiliza kwa kinyaa, kama mtu aliyekuta unywele wa mgeni kinywani mwake. Midomo ile aliifundisha mwenyewe kutamka. Aliinuka, akaenda dirishani palipokuwa na chupa ya maji ya kisima. Dobi wa mtaa ule wa nyuma ya kiwanda aliiacha pale wiki iliyopita, akasema anasubiri karatasi imwambie kama aendelee kuwanywesha wanawe.

Alipofungua kifuniko, harufu ilijaa chumba: ngozi mbichi iliyolowekwa, mayai viza, na utamutamu fulani uliokuwa mbaya kuliko vyote. Akamimina kwenye bilauri. Mafuta yakatanda juu, na chini nyuzi za kijivu zikaelea kama kamasi. Akaisukuma mbele ya mjukuu wake.

"Kunywa, binti. Yamekua."

Hakumwita mkewe mdogo. Binti akaifikisha bilauri kidevuni, akaiweka chini kwa kishindo, akakimbilia ndoo ya takataka, akatapika. Aliporudi alikuwa anafuta mdomo kwa kiganja.

"Na meneja akituhama, Babu?"

"Ahame. Na muhuri akauchonge mwenyewe."

Binti akachukua kalamu nyekundu, akafuta mstari wake, akaandika kwamba maji yameharibika, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka miwili. Wakasoma upya kwa jozi, tangu neno la kwanza. Muhuri ukapigwa. Mzee akaagiza nakala moja ibandikwe mlangoni kwa dobi kabla meneja hajafika, na chupa ibaki mezani.

Hakumsamehe siku ile. Mlangoni aligeuka, akamtazama mjukuu wake na wafasiri wenzake wawili waliokuwa wametoka chumba cha pili kwa sababu ya harufu.

"Sikieni, nyinyi mliokalia viti vya wazee wenu. Kilichooza kiiteni kilichooza, hata kama aliyekiozesha ndiye anayewalisha. Asiyeweza anirudishie muhuri leo, nikiwa bado nina mikono ya kuupokea."