Bakuli la Marehemu Abdel Radi

Je, umewahi kumwandikia barua mumeo marehemu, na huyo marehemu amekaa hatua tatu kutoka ulipo, anakula mbegu za tikiti na kutema maganda karibu na miguu yako? Mimi nimewahi. Tena mwaka huu huu, mwezi wa tano, hapa kwetu Luxor, ng'ambo ya magharibi ya mto, uani kwangu, kati ya tanuri na kibanda cha njiwa.

Aliyeniponza ni mjukuu wangu Ibtisam, anayesoma chuo kikuu mambo ya Wamisri wa kale. Mimi niliishia darasa la sita, lakini masomo ya mtoto huyu nimeyasikiliza tangu mwaka wa kwanza huku nikikanda unga, na sasa majina ya wafalme nayajua kuliko majina ya shemeji zangu.

Siku hiyo alirudi baada ya adhuhuri, uso umemshuka, amekumbatia bakuli la udongo mwekundu. Watu wale wa kale walikuwa na desturi ya kumwandikia marehemu wao barua ndani ya bakuli. Maneno yanaanzia ukingoni, yanazunguka, yanazunguka, mpaka yanafika kitakoni. Kisha wanatia chakula humo na kwenda kuliweka kaburini, ili marehemu akimaliza kula aone anachoambiwa. Kwanza unamsalimia, halafu unamlalamikia, na mwisho unamwomba jambo moja. Mwalimu wao, Daktari Wagdi, alikuwa amemwagiza kila mwanafunzi aandike bakuli lake kwa maandishi yale ya kale. La Ibtisam alilirudisha.

"Kasema mjane wa kwenye bakuli langu analia kama kitabu, Bibi. Anataka malalamiko ya nyumba ya kweli, na ombi la kweli. Mwisho kesho saa nne asubuhi. Likirudi tena narudia mwaka mzima."

"Nenda kwa Saniya hapo jirani. Ndiye mjane."

"Nimetoka huko, bila kumtajia bakuli. Mumewe alikuwa mpole. Amefikiria mpaka chai ikapoa, hajapata hata lalamiko moja."

Akanitazama. Kisha akamtazama babu yake, Abdel Radi, aliyekuwa amejiegemeza kwenye benchi la udongo ukutani, redio sikioni, mbegu za tikiti mkononi.

"Mungu apishe mbali," nikasema. Nikavuta kigoda. "Haya, andika."

Wino tuliutengeneza kwa masizi ya kitako cha sufuria yangu kubwa na gundi ya mgunga. Kalamu ilikuwa kijiti cha tete, Ibtisam amekitafuna ncha hadi ikawa kama brashi. Nikakohoa kidogo, nikaanza kama wale wa kale, ambao kufa walikuita kwenda magharibi.

"'Ewe Abdel Radi, tangu ulipokwenda magharibi...'"

"Mimi niko magharibi tangu nizaliwe," sauti ikasema.

Tukageuka. Marehemu alikuwa amezima redio.

"Nyamaza, Babu, umekufa," Ibtisam akamwambia.

"Lini?"

"Leo. Ni kwa ajili ya chuo."

Akafikiri, akatema ganda. "Sawa. Lakini nisife kwa kuharisha."

"Hujafa kwa kuharisha. Na maiti haongei!"

Akaziba mdomo kwa kiganja, na kwa kweli alinyamaza, jambo ambalo mimi limenishinda miaka arobaini na minne. Nikaendelea. Nilikusudia malalamiko mawili tu, lakini ukishafungua gunia la dengu huzihesabu zinazomwagika. Nikataja mlango wa kibanda cha njiwa, aliosema atautengeneza Ijumaa, na Ijumaa hiyo bado iko njiani mwaka wa kumi na mbili. Nikataja bata bukini wangu mweupe aliyempa dada yake bila kuniuliza. Nikataja kwamba akiamka humsalimia punda kwanza, tena kwa jina, halafu mimi ananiuliza, "Chai iko wapi?" Sauti yangu ilipanda. Nadhani nilijipiga kifua mara moja au mbili.

"Taratibu, Bibi! Punda anaandikwa kwa alama nyingi!" Ibtisam alilia, kalamu inakimbia.

"'Umeniacha, Abdel Radi! Njiwa wako wanatoka, mlango umeuacha wazi, umeniacha!'"

Sasa, ukuta wa uani kwetu si mrefu, na upande wa pili Saniya alikuwa ameanika mikate yake iumuke juani. Tangu sauti yangu ilipopanda, aliyasikia yote. Alichosubiri ni sauti ya Abdel Radi ikijibu, kwa maana huyo hajawahi kutukanwa akakaa kimya. Jibu halikuja. Angefikiria nini maskini?

Hatukujua. Saa mbili zikapita, Ibtisam alikuwa bado anakamilisha punda, tukasikia mlango wa nje unagongwa. Abdel Radi ndiye aliyekuwa karibu, akaenda kufungua.

Mlangoni alisimama Saniya, amejifunga nguo nyeusi, sinia kichwani. Kwetu nyumba iliyofiwa haipiki, majirani ndio wanaoleta. Nyuma yake walikuja wanaume wa mtaani wamebeba viti, na Sheikh Umran mbele yao, macho chini. Saniya alimtazama marehemu. Marehemu alitazama sinia.

"Ni bata?" akauliza.

Mayowe aliyoyapiga Saniya yaliwatoa njiwa wote kwa ule mlango mbovu. Lakini sinia halikuyumba. Ni mwanamke hodari.

"Unatembea!" akasema alipopata pumzi.

"Natembea, nina njaa. Karibuni."

"Ulikufa! Mkeo kaomboleza nimemsikia!"

"Nilikufa kwa ajili ya chuo," Abdel Radi akamweleza kwa heshima zote, akampokea mzigo.

Wale wanaume wakatazamana. Viti vimeshabebwa, chakula kimeshapikwa, kurudi navyo ni aibu. Wakaketi. Sheikh Umran, aliyekuwa ameandaa maneno njia nzima, hakujua ayapeleke wapi.

"Alikuwa mtu mwema," akaanza. "Yaani, ni mtu mwema."

"Endelea," akasema Abdel Radi na paja la bata mkononi.

"Mkarimu."

"Hapo nyosha kidogo, Sheikh. Mkarimu namna gani?"

"Mkarimu sana, aliwahi kutoa bata bukini mzima."

"Wangu!" nikapiga kelele kutoka jikoni. Kwa maana nilikuwa jikoni. Glasi kumi na sita, sukari tatu tatu, mnanaa pembeni. Hata katika msiba wa mume wangu mwenyewe, chai nilipika mimi.

Walipoondoka jua lilikuwa limeshuka hadi usawa wa kibanda. Ibtisam hakugusa chakula. Aliliweka bakuli mapajani mwangu. Maandishi meusi yalizunguka safi kabisa, yamejaa, isipokuwa kitakoni. Hapo palibaki nafasi ya ukubwa wa kiganja cha mtoto.

"Ombi, Bibi. Bila ombi Daktari analirudisha."

"Andika nataka afya."

"Hiyo ya kitabu."

"Andika mlango wa njiwa."

"Huo tumeshalalamika. Unataka nini wewe?"

Nikasema sitaki kitu. Nikainuka nikafagia maganda. Nikapanga glasi, nikazipanga tena. Kulalamika ni kama kukanda unga, mikono inajiendea yenyewe. Lakini hilo lingine nilikuwa nalo tangu nikiwa bi harusi, na kila nilipotaka kulitoa niliona ni dogo mno, watu watacheka. Ibtisam alikuwa ameinamisha kichwa, kalamu imeanza kukauka. Mwaka mzima wa mtoto ulikuwa umekwama kwenye ulimi wangu.

Abdel Radi alinawa mikono, akajifuta. Akarudi kwenye benchi lake, akalala chali, miguu pamoja, akajifunika shali mpaka juu ya uso.

"Nimekufa tena," akasema chini ya shali. "Sema upesi, Mama Badawi, humu kuna joto."

Nikamchungulia. Shali lilikuwa likipanda na kushuka.

"Nataka," nikasema, "siku moja univushe mto, tukae mkahawani pale ng'ambo, mimi na wewe bila punda, nami nimekunja mikono hivi, ninywe chai aliyoipika mtu mwingine."